Nilivyoacha kuwa fundi wa data za wengine

Nilipohitimu shahada ya kwanza ya baiolojia nilijua kuhesabu vimelea vya malaria kwa hadubini, lakini sikuwahi kuandika programu yoyote ya kompyuta. Bayoinfomatikia, yaani uchambuzi wa data za kibaiolojia kwa kompyuta, niliianza katika kozi ya utangulizi ya H3ABioNet, mtandao wa watafiti ulioratibiwa kutoka Chuo Kikuu cha Cape Town, ambao kuanzia 2016 ulifundisha madarasa yaliyotawanyika katika nchi nyingi za Afrika. Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, na R, lugha ya programu ya takwimu, nilizipata huko. Zilinipatia kazi, ila si utafiti.

Utafiti niliupata kwa kung'ang'ania jenomu moja, yaani DNA yote ya kiumbe kimoja. Ile ya Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria, iliyochapishwa mwaka 2002, ina herufi za DNA (A, C, G au T) zipatazo milioni 23 katika kromosomu 14, na takriban asilimia 80 ya herufi hizo ni A na T tu, hivyo vipande vifupi vya DNA vinavyosomwa na mashine hufanana mno na ni vigumu kujua kila kimoja kimetoka wapi. Isitoshe, programu nyingi za kutafuta mabadiliko ya vinasaba ziliundwa kwa kumfikiria binadamu, mwenye nakala mbili za kila kromosomu, ilhali kimelea kilichomo katika damu yetu kina nakala moja, na mgonjwa mmoja huweza kubeba aina kadhaa kwa pamoja. Asiyelijua hilo ataendesha programu bila hitilafu yoyote na kupata majibu ya uongo. Mradi wa MalariaGEN umeweka wazi data za jenomu za maelfu ya sampuli za vimelea. Nilijifunzia humo bila kusubiri ruzuku, na tasnifu yangu ya uzamili ikatoka humo humo.

Ugumu ulibaki kwenye uandishi wa makala. Mchambuzi huletewa data mwishoni, wakati maswali yote yameshaulizwa, kisha jina lake huwekwa katikati ya orodha ya waandishi, mahali ambapo kamati za kupandisha vyeo hazipatazami sana. Nikaanza kutoa sharti moja kabla ya kupokea kazi ya mtu: niwepo sampuli zinapopangwa. Baadhi walikataa, nami sikugombana nao.

Waliokubali walinikuta na swali langu tayari. Mabadiliko ya kinasaba yaitwayo R561H katika jeni ya kimelea iitwayo kelch13, yanayohusishwa na ukinzani dhidi ya artemisinini, dawa ya malaria, yaliripotiwa Rwanda mwaka 2020 na baadaye mkoani Kagera, Tanzania. Kujua kama vimelea hivyo vina asili moja au vimezuka mara kadhaa hakuwezekani kwa kusoma jeni hiyo peke yake. Sharti zilinganishwe sehemu za kromosomu ya 13 zilizo kandokando yake, maana vimelea vya asili moja hufanana huko pia. Kwa hiyo nilipendekeza, kabla tone la kwanza la damu halijachukuliwa, tusome jenomu nzima, nikaandika mwenyewe sehemu ya uchambuzi katika andiko la kuomba fedha. Makala iliyotokana na kazi hiyo ndiyo ya kwanza niliyoiongoza, na ndiyo niliyoiambatisha nilipoomba nafasi ya uzamivu.