Peugeot 404 yangu Tanga: fedha imeishia chini ya rangi

Hali ilivyo leo: gari limeshapulizwa rangi ya mwisho. Limesimama bandani Ngamiani bila vioo wala bampa, na fundi kapiga marufuku mtu kuligusa hata kwa kidole. Nimepata wasaa wa kuandika nilichokuwa nakiahirisha tangu vuli iishe, yaani fedha imekwenda wapi na kwa nini nilichagua nilivyochagua. Wengi mnaoniuliza mnaanza na "rangi shilingi ngapi?" Jibu lake halipo mpaka ujue chini ya rangi kuna nini.

Kwa wasiolijua gari lenyewe: ni Peugeot 404 saluni, umbo la Pininfarina, injini ya petroli ya cc 1618 iliyolazwa ubavu kwa nyuzi 45. Ufaransa waliitengeneza kuanzia 1960 hadi 1975. Wazee wa hapa ukiwapitia na 404 hawakuulizi mwaka wala bei, wanakutajia Bert Shankland, dereva wa Dar es Salaam aliyeshinda mbio za magari za Safari mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, akiwa na gari la namna hii. Langu halina sifa hizo. Lilikuwa la baba mkubwa, likafanya teksi, kisha likaegeshwa Raskazone hatua chache kutoka baharini, upepo wa chumvi ukilipiga usiku na mchana. Hapo ndipo bei ilipoanzia kupanda, miaka kabla sijalimiliki.

Bei tatu, kazi tatu

Fundi wa kwanza alilizunguka mara moja akasema Sh 900,000, kazi wiki moja. Wa pili, mzee mmoja wa Ngamiani, alisema Sh 1,800,000 "bila bati", akakataa kutaja bei ya bati mpaka alikwangue kwanza. Wa tatu ni gereji ya Dar yenye chumba cha oveni, zaidi ya milioni 5, na hapo hujalipia gari la kulibeba kilomita 350 na ushee.

Ukiziweka pamoja unaweza kudhani mmoja ni mwizi na mwingine ni msamaria. Sivyo. Ni kazi tatu tofauti. Ile ya laki tisa ni kuosha uso: vioo vinafunikwa kwa magazeti na tepu, raba hazitolewi, bodi inapigwa msasa juujuu, rangi inapulizwa. Kwa gari la kuuza mwezi ujao inatosha. Lakini rangi iliyoishia ukingoni mwa raba ina mdomo, maji yanaingia pale, na baada ya masika moja inaanza kunyanyuka. Ya oveni ni nzuri kweli, ila oveni inakupa rangi isiyo na vumbi na inayokauka haraka. Haikufukuzii kutu. Nikampa mzee.

Sumaku

Kabla hata ya kukwangua, mzee alitoa sumaku ndogo, akaivika kipande cha kanga ili isichubue, akaanza kuitembeza. Kwenye paa ilinata vizuri. Mlango wa mbele kulia, ikanata. Akafika chini ya mlango wa nyuma kushoto, sumaku ikaanguka mchangani. Akaiokota, akairudisha, ikaanguka tena.

"Hapa mwanangu hapana gari," akasema. "Hapa pana puti."

Alikuwa sahihi. Grenda ilipopita ikatoka puti, ule uji mzito wa kujazia mashimo ya bodi, nene kuliko kidole gumba, na nyuma yake gazeti lililokunjwa kujaza tundu. Upande ule ndio uliokuwa ukitazama bahari kule Raskazone.

Jaribio la pili ni la kitambaa na thina. Unalowesha kitambaa, unasugua mahali pasipoonekana. Rangi ikiyeyuka na kuhamia kwenye kitambaa, ni selulosi ya zamani. Isipotikisika, ni rangi ya hadina (kigumishi kinachochanganywa na rangi), hii tunayoiita 2K, au rangi iliyookwa kiwandani. Ikikunjamana, kuna rangi ya mafuta, na hiyo ndiyo ya kuogopa, maana ukipulizia rangi yenye thina kali juu yake inavimba na kukunjika mbele ya macho yako. Yangu ilikunjamana kwenye boneti na milango miwili. Hapo hoja ya kupulizia juu ya rangi ya zamani ikafa. Yote ikatoka mpaka bati.

Kwenye ukingo wa buti tulipiga msasa taratibu kwa mteremko ili kuona tabaka. Zikajitokeza pete ndani ya pete kama kitunguu kilichokatwa: nyeupe ya juu, kijivu, hudhurungi, nyeupe nyingine yenye alama ya mstari wa teksi, kijivu tena, na ndani kabisa bluu hafifu. Bluu hiyohiyo ipo nyuma ya dashibodi, ambako hakuna fundi aliyewahi kufika na bunduki ya rangi. Hiyo ndiyo rangi aliyozaliwa nayo.

Bati, kwa kirefu

Watu wanapenda picha za rangi inayong'aa. Mimi ningependa mwangalie bati.

404 haina chasisi ya kujitegemea kama Land Rover. Bodi yenyewe ndiyo uti wa mgongo, na lile boksi linalopita chini ya milango ni sehemu ya nguvu ya gari. Likioza, milango inaanza kugoma kufunga, na hakuna rangi itakayorekebisha hilo. La kushoto lilikuwa limeoza toka ndani kuja nje. Ndiyo tabia ya kutu ya maboksi: maji ya chumvi yanaingia, tundu za kutolea maji zimezibwa na tope, na wewe unaona kivimbe kidogo tu juu ya rangi. Kivimbe cha ukubwa wa shilingi kinaweza kuwa na tundu la kupitisha ngumi nyuma yake.

Mzee alikata mpaka akafika kwenye bati linalolia vizuri likigongwa. Akakunja bati jipya, akachomelea vituo vifupi vifupi, huku akiruka kutoka ncha moja kwenda nyingine ili joto lisilipinde. Kabla ya kukata alifunga milango yote na kuweka stendi pande zote mbili. Ukikata boksi gari likiwa limening'inia kwenye jeki moja, bodi inakaa upande na unaichomelea hivyohivyo milele. Fundi asiyejali hilo, usimpe gari la namna hii hata akikufanyia bure.

Madigadi za mbele zimefungwa kwa bolti, kwa hiyo zilitoka zima. Kazi rahisi, ukiacha bolti zenyewe, ambazo nusu zilikatika.

Halafu kuna suala la pwani. Bati likishakwanguliwa Tanga, ukiliacha wazi usiku mmoja, asubuhi lina vumbi la rangi ya chungwa. Kwa hiyo tulikwenda kipande kwa kipande: kinachokwanguliwa leo kinapakwa dawa ya kutu yenye asidi ya fosforiki pale penye mashimomashimo, kinasafishwa dawa yote itoke, kinakauka, kinapata praima (rangi ya kwanza ya kushika bati) ya epoksi kabla jua halijazama. Epoksi inaziba maji yasifike kwenye bati. Puti inakuja juu yake, si chini yake, kwa sababu puti inanyonya maji.

Hapa nina ugomvi na desturi yetu. Magari mangapi mmeyaona mitaani yamepakwa andakoti, yaani rangi ya chini, ya kijivu yakisubiri mwenyewe apate hela ya rangi? Andakoti ile ya kawaida ina vinyweleo. Mvua inapita, umande unapita, na kutu inaanza upya chini yake huku juu panaonekana pamekamilika. Kama hela haijatimia, acha rangi ya zamani mwilini au simamia kwenye epoksi. Na gari likae bandani.

Rangi gani

Nilipima aina tatu.

Selulosi ndiyo yenye sura ya enzi zile. Inakauka upesi, inasuguliwa ikang'aa, na ukikwaruza unarekebisha mahali padogo tu. Lakini ni nyembamba, inataka mikono mingi, yaani tabaka nyingi, na inachukia unyevu: thina inavyopaa inapoza bati, unyevu wa hewa unatua juu ya rangi mbichi, na unabaki na ukungu mweupe. Kwa hewa ya Tanga hiyo ni kamari.

Metaliki, rangi yenye chembe za kumeta, na klia (tabaka la juu lisilo na rangi) juu yake sikuitaka. Gari la miaka ya 60 likivikwa klia nene linang'aa ng'aa ya simu mpya. Vilevile metaliki huwezi kuitia kiraka mahali padogo pasionekane.

Nikachukua 2K ya rangi kavu, bila metaliki, isiyohitaji klia. Inastahimili jua, petroli ikimwagika haiyeyuki, na msasa laini na polishi vinaishusha mng'ao ukafanana na wa zamani. Ubaya wake ni afya. Hadina yake ina isosianeti, na ile barakoa ya kitambaa tuliyobaki nayo tangu korona haizuii chochote. Harufu nayo haikupi onyo la maana. Mapafu yakishapata mzio wake, hata chembe kidogo baadaye inaweza kukuletea pumu. Barakoa ya uhakika ni ya kuletewa hewa safi kwa bomba, na kompresa yetu isingeweza kulisha bunduki na barakoa kwa pamoja, kwa hiyo tuliazima ya pili. Kijana wa mzee alicheka mwanzoni. Mzee hakucheka. Ana kikohozi cha siku nyingi.

Kuhusu bluu: nilipeleka dukani kipande cha ndani ya buti, mahali palipofunikwa na raba, maana nje jua limeshakula rangi. Wakachanganya, wakapaka kwenye kadi. Chini ya taa ya tyubu zilifanana kabisa. Nikatoka nazo nje, jua la saa sita, ile mpya ikaonekana ina ukijani. Wakaongeza, nikatoka tena. Msikubali rangi iliyolinganishwa chini ya taa.

Jambo moja la karatasi: kadi ya gari inasema nyeupe. Ukibadili rangi, kadi nayo inapaswa kubadilishwa TRA, Mamlaka ya Mapato. Msisubiri trafiki awakumbushe.

Siku ya kupuliza

Februari, kaskazi inavuma, mvua hakuna. Kulipokucha bado kulikuwa na unyevu, na alasiri upepo unaleta vumbi la barabara, hivyo muda wetu wa kupuliza ulikuwa saa nne hadi saa saba. Sakafu ilimwagiwa maji mapema ikaachwa inyauke. Tangi la kompresa lilifunguliwa chini kutoa maji, na yalitoka ya kutosha kunawia mikono. Hayo ndiyo yangetemewa juu ya rangi. Jenereta ya kukodi ilikaa tayari, na umeme ulikatika kweli katikati ya mkono wa pili. Mzee akamaliza paa kwa hewa iliyobaki kwenye tangi, akasimama, tukawasha.

Mikono mitatu. Kuna vumbi kidogo kwenye boneti na machozi mawili, yaani michirizi ya rangi, chini ya taa ya nyuma. Msasa wa maji wa 1500 na 2000 utayaondoa.

Hesabu

Bati, kuchomelea na ufundi wa bodi, Sh 1,350,000. Epoksi, dawa ya kutu, puti, andakoti, msasa na tepu, Sh 620,000. Ufundi wa rangi Sh 700,000, baada ya mzee kupunguza kwa kuwa nilipiga msasa mwenyewe jioni. Raba za milango na vioo, Sh 280,000. Jenereta na petroli yake, Sh 60,000. Rangi yenyewe, lita 4 na hadina na thina zake, Sh 340,000.

Jumla Sh 3,350,000, na ile inayoonekana kwa macho ni sehemu moja tu ya kumi. Ningebana matumizi kwa kuchukua rangi ya bei rahisi, ningeokoa labda laki na nusu. Nisingediriki kupunguza kwenye bati.

Je, gari lina thamani hiyo sokoni? Sidhani. Yupo jamaa aliyenishauri ninunue Toyota iliyotumika na nilale usingizi. Ushauri mzuri, kwa mtu mwingine.

Kilichobaki

Kusugua na polishi, rangi ikishakomaa. Kupulizia nta ndani ya maboksi kupitia tundu zilezile za maji, nazo zibaki wazi. Bampa zitanyooshwa na kung'arishwa, mibonyeo midogo ibaki. Kinachonikwamisha ni raba ya kioo cha mbele: niliyoletewa ni ya Peugeot 504 na pembe zake hazikai. Mwenye ya 404 saluni, hata iliyotumika ilimradi haijapasuka, anitajie bei.