Kupungua kilo huku mtaa mzima unakupa pole

Kampuni ya utalii niliyokuwa nikiifanyia hesabu hapa Moshi ilipunguza wafanyakazi masika yalipoanza, wageni wa kupanda mlima wanapoadimika. Nilikuwa na kilo 91, kimo changu sentimita 162, na presha ilishaanza kusogea juu.

Watu hudhani asiye na kazi ndiye mwenye nafasi ya mazoezi. Nafasi ipo, tena tele. Shida ni kwamba siku isiyo na saa ya kuripoti haina kichwa wala miguu. Jiko liko pale pale: mtori wa jana, chapati aliyoibakiza mtoto, chai ya saa nne, chai ya saa sita. Nilikula kwa sababu kula nako ni shughuli. Fao la kukosa ajira la NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, yaani theluthi ya mshahara kwa miezi sita, liliishia kwenye kodi na ada ya shule. Gym haikuwemo kwenye bajeti, kwa hiyo nikaenda soko la Memorial kuchambua mitumba mpaka nikapata raba yenye soli nzima.

Nilichagua saa kumi na mbili asubuhi, barabara ya Lema, kutoka Shanty Town kuelekea hospitali ya KCMC. Sikuichagua kwa ajili ya hewa nzuri tu. Mtu mzima akionekana anatembea kwa kasi saa nne asubuhi, macho yote yanauliza kama hana pa kwenda. Saa kumi na mbili kuna wauguzi wanaowahi zamu, wanafunzi, na wakimbiaji, na hakuna anayejua nani ana ajira na nani hana. Nilihitaji hilo kuliko nilivyohitaji mwalimu wa mazoezi.

Miezi ya mwanzo ilipita vizuri. Taabu ilianza kilo zilipoanza kuonekana zimepungua.

Kwetu Uchagani mwili ukijaa, watu wanajua nyumbani kuna neema. Ukipungua ukiwa kazini, utaulizwa siri. Ukipungua ukiwa huna kazi, unapewa pole. Mama ninayenunua kwake ndizi Mbuyuni alinishika mkono: “Mama Brayo, umekwisha hivi! Usiwaze sana mwanangu, Mungu atafungua mlango.” Akaniongezea ndizi za bure. Mangi wa duka la jirani akaniambia kwa sauti ya chini kwamba sukari naweza kukopa. Mama mkwe, kutoka Kibosho, aliteremsha mkungu mzima na maziwa, kisha akampigia mwanawe: “Huyo mtoto wa watu unamlisha nini?”

Ukicheka leo, jua kwamba wakati ule ilikuwa inauma. Unarudi kutoka barabarani unajisikia una nguvu, mtu mmoja anakutazama kwa huruma, na mchana unajikuta unakula ili ufanane na mtu asiye na shida. Nadhani wengi wetu huachia hapo, wala si kwenye uvivu.

Kwa mama mkwe sikubishana. Nilipanda Kibosho, nikamwamkia, nikamwonyesha kadi yenye vipimo vya presha. “Shikamoo mama. Daktari ndiye aliyesema nipungue.” Akauliza kwa nini sikumwambia mapema. Tangu hapo vifurushi vyake vinakuja na mboga ya mnafu. Sokoni nilitumia jibu fupi zaidi: najiandaa na marathoni. Mji huu una Kilimanjaro Marathon kila mwaka, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, na kuna ile ya kilomita 5 ambayo hata sisi wenye mapaja mazito tunaimaliza. Ukitaja marathoni, pole zinageuka kuwa maswali kuhusu raba.

Kingine kilichonisaidia ni kaunta buku. Mhasibu haachi. Ukurasa wa kushoto niliandika maombi ya kazi niliyotuma, wa kulia dakika nilizotembea. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani, na hizo niliweza kuzitimiza hata wiki ambayo hakuna mwajiri aliyejibu. Kilo nilipima mara moja kwa wiki, asubuhi kabla ya kula, na sikuzipa uzito mkubwa. Mwanzoni hushuka haraka kwa sababu wanga uliohifadhiwa mwilini huondoka na maji yake, kisha mzani unagoma hata kama hujabadilisha kitu. Dakika hazikugoma.

Chakula sikukibadilisha sana. Ndizi nakula, mtori nakula. Niliondoa sukari kwenye chai na kupunguza mafuta ya kukaangia, maana gramu moja ya mafuta ina kalori 9, zaidi ya mara mbili ya zile za gramu moja ya wanga. Nusu ya sahani ikawa mboga za majani.

Sasa nina kilo 79. Ajira ya kudumu bado, ila naandaa hesabu za maduka mawili matatu mjini, na wenye maduka wanajua nisipigiwe simu kabla ya saa moja na nusu. Siku za mvua naruka kamba barazani. Mume wangu analalamika kwamba namwamsha. Nimemwambia kamba ya pili ipo, imening'inia nyuma ya mlango.