Jina lako nani?

Somo: Marko 5:1-20

Wapendwa, Yesu asifiwe. Juma hili nina neno linalonichoma, nami nalileta kwenu kama lilivyo.

Nimefika miaka 52 bila kutazama filamu ya kutisha hata moja. Kwa wazazi wangu mambo hayo hayakuingia mlangoni, na nilipopata nyumba yangu sikuyatamani. Mwisho wa Oktoba watoto wa mdogo wangu walikuja kukaa nami hapa Katuba. Mnalijua joto la Lubumbashi mvua ikiwa bado inasitasita. Hakuna anayelala mapema. Wakaniambia, "Mama mkubwa, ni Halloween, kaa nasi tutazame filamu ya kuogopesha." Nikakaa. Nilitaka kukiona kitu chenyewe kabla ya kukisemea.

Halloween tunaikemea sana makanisani, na wengi hatujui hata jina lake lilikotoka. Ni mkesha wa Watakatifu Wote, usiku wa 31 Oktoba kuamkia 1 Novemba. Watu wa Ireland waliohamia Marekani katika karne ya 19 walikwenda na desturi zao za usiku ule. Kwao walikuwa wakichonga sura za kutisha kwenye mizizi ya shambani. Kule wakakuta maboga, makubwa na rahisi kuchonga, wakaendelea na hayo. Sisi Wakongomani wafu wetu tunawaendea mchana, 1 Agosti, siku ya wazazi, tukiwa na majembe na mafagio. Tunang'oa majani, tunapangusa msalaba mpaka jina lisomeke. Hata kama kaburi la jirani halina mtu, mara nyingi mama mmoja atalipangusa nalo, jina lionekane.

Basi nikatazama. Filamu tatu, usiku tatu, kwenye kompyuta ndogo iliyowekwa juu ya kiti. Usiku wa kwanza nywele zilinisimama, nikamshika kijana mkono hadi akalalamika. Akacheka, akazima sauti, akairudisha nyuma kidogo. "Sasa tazama tena, mama mkubwa." Kweli, bila sauti alibaki msichana aliyepakwa unga usoni, anatembea polepole kwenye nyumba isiyo na taa. Kumbe hofu yote ilikuwa kwenye ule mngurumo wa chini, halafu kimya, halafu kishindo. Sikio linaogopa kabla ya jicho. Mwili nao haujui kwamba ni filamu: moyo unakwenda mbio, viganja vinatoka jasho, na wewe umeketi salama nyumbani kwako.

Kuna ndugu watakaosema kwamba kwa kutazama nilifungua mlango, pepo wakaingia. Sikubaliani nao. Lililonipata naliona ni baya kuliko hilo, kwa sababu sina pepo wa kumsingizia. Katika zile filamu zote tatu kulikuwa na mtu aliyeingiwa na uovu, na mbili kati yake alikuwa mtoto. Tangu dakika ile hakuna anayemwita tena kwa jina lake. Mama yake mwenyewe anamwita "hicho kitu". Mtazamaji naye anamsahau mtoto, anangoja tu kitu kile kifungwe au kiuawe ili apumue. Nami nilingoja hivyo hivyo. Usiku wa tatu nilisema kwa sauti, "Mmalizeni basi!"

Usiku wa nne umeme ulikatika, delestaji kama tulivyozoea. Nilikuwa uani napepea mbabula, jiko letu la makaa. Nikasikia kitu nyuma yangu, nikageuka. Mtoto amesimama kwenye mlango wa parsele, kiwanja chetu, hasemi neno, na makaa yanamwakia machoni. Nikapiga yowe: "Kwa jina la Yesu, toka hapa!" Akatimua mbio, bidoni, dumu lake la njano, likaanguka, likabingirika mpaka miguuni pangu.

Alikuja kuomba maji.

Nilimfahamu. Ni yule anayebebea watu mabidoni kwenye kisima cha pampu, mwenye miaka kumi hivi, analala anapopata. Kwenye avenyu yetu wanasema baba yake alipofariki, mke wa baba alisema mtoto ndiye aliyemla kwa uchawi, akatolewa nje. Mimi siku zote nilisema hayo ni maneno ya bure. Nimewahi hata kusimama mbele yenu nikasema kwamba Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumwita mtoto mchawi, yaani mulozi, na kwamba sheria ya ulinzi wa mtoto ya 10 Januari 2009 inaliadhibu kosa hilo. Kumbe kinywa kilijua sheria, macho hayakujua kitu. Giza moja tu, na nikafanya kama yule mke wa baba. Tena yeye hakutumia jina la Yesu. Mimi nililitumia.

Sikulala. Nikawasha mshumaa, nikafungua Marko 5. Nimelisoma andiko hilo mara ngapi, na kila mara nilisoma habari ya pepo. Safari hii niliona jinsi linavyoanza kama zile filamu: makaburi, minyororo iliyokatika, mtu ambaye "usiku na mchana, alikuwako makaburini na milimani, akipiga kelele na kujikata-kata kwa mawe." Watu wa mji walikuwa wamekwisha kufanya wanachofanya watu wa filamu, walimfunga. Bwana akashuka chomboni, akamuuliza, "Jina lako nani?" Anayejibu ni Legioni, jeshi linasema badala ya mtu. Na mwisho ameketi, amevaa nguo, ana akili zake.

Someni neno linalofuata: "wakaogopa." Wakati anapiga kelele Marko hasemi kwamba waliogopa. Wanaogopa wanapomwona ameketi kama wao. Kisha wanamsihi Yesu aondoke mipakani mwao. Hapo nilisimama muda mrefu. Labda mji ulikuwa umeizoea ile hofu. Mtu wa makaburini akiwepo, kila ubaya una pa kutupwa. Akirudi nyumbani amevaa nguo, itabidi tuulize nani alimfunga.

Na kanisa linanihusu hapa. Kuna vyumba vya maombi katika nchi hii ambamo watoto wamenyimwa chakula kwa siku kadhaa na kutiwa pilipili machoni, watu wazima wakiimba. Watoto hao hawakuingiwa na pepo wa filamu yoyote. Waliangaliwa na macho kama yangu ya usiku ule. Bwana aliyemtoa mtu makaburini alimwambia, "Enenda zako nyumbani kwako, kwa watu wa kwenu." Sisi tunamtoa mtoto nyumbani, tunampeleka makaburini.

Asubuhi nilijaza lile bidoni maji, nikalibeba mwenyewe hadi kwenye pampu. Alikuwa ameketi juu ya tofali. Aliponiona akainuka, tayari kukimbia. Nikaliweka bidoni chini, nikarudi nyuma hatua mbili, nikamwomba msamaha. Hakujibu. Nikamuuliza jina lake.

"Wananiita Mulozi," akasema.

"Sikuulizi wanavyokuita, baba. Jina lako nani?"

Akalitazama bidoni kwa muda. Halafu akalitaja, kwa sauti ndogo, nami nikalirudia ili nisilikosee. Akalitaja tena, na safari hii akaongeza na la baba yake.