Siku moja maishani mwangu: Jumapili ya kupamba nyumba, Kisumu

Saa 11:30 alfajiri
Jumapili wengine wanalala, mimi ndio siku ya kazi kabisa, maana soko la Kibuye hufurika Jumapili, wenye belo za mitumba wanafungua mapema na ukichelewa kamera (zile nguo safi za juu) yote imeshabebwa, unabaki kuokota fagia, yaani mabaki. Nakunywa chai haraka, nabeba tepu, vipimo vya dirisha za kastama wangu (nesi, amehamia bedsita huko Migosi, bajeti yake ni ndogo) na gunia mbili.

Saa 12:30 asubuhi
Naanza na pazia. Nyumba nyingi mnazosifia hapa mjini zimesimama na pazia za mitumba, mjue tu. Pazia nzito ya kitani yenye bitana nyuma, mpya dukani ni pesa ndefu, hapa mnaongea. Inyanyue ikae kati yako na jua, matundu na sehemu zimechakaa zitajionyesha zenyewe, alafu shika pindo la chini, kama limekunjwa pana fundi wa cherehani anaweza kulifungua ikarefuka, alafu unuse. Jameni nuseni! Uvundo wa stoo hutoka ukifua, wa sigara unang'ang'ana. Mama ninayenunua kwake akiniona tu anavuta kitu chini ya meza, "Nyathina (mtoto wangu), hii nilikufichia," na kweli ilikuwa kitani rangi ya udongo, jozi kamili, sio kile kipande kimoja unatafutia mwenzake mwaka mzima. Tumeelewana 800 zote mbili.

Saa 3 asubuhi
Upande wa mbao. Nimepata stuli ya zamani imepakwa rangi ya kijani mbaya sana, lakini kuinua, nzito! Nimekwaruza kidogo chini na ufunguo ikatoka kahawia ya mvule. Kitu cha mbao kigeuze miguu juu kwanza, ukiona vitundu na unga unga ujue kuna wadudu ndani wanakula. Kama kina kitambaa, mulika mishono na tochi ya simu, vidoti vyeusi ni kunguni, hicho hata nipewe bure sibebi.

Saa 5
Tuktuk mpaka Dunga, kule ufuoni mwa ziwa, kuchukua kikapu na kivuli cha taa, za gugumaji. Hii kazi naipenda kutoka moyoni. Hilo gugu liliingia Ziwa Victoria karibu na 1990 likafungia wavuvi njia, na sasa kuna watu wanalivuna wanaanika mabua, yakikauka yanasinyaa kabisa ju karibu yote ni maji, ndio yanasukwa kamba na kuzungushiwa fremu. Usiweke bafuni tu, unyevu unaleta ukungu.

Saa 7 mchana
Kwangu. Pazia kwenye maji moto, kisha kwa kamba, jua la Kisumu saa hizi halina mchezo. Stuli napiga msasa, naanza na namba 80, naenda 120, namaliza na 220, nikifuata mkondo wa mbao sio kukata katikati, na leso puani maana vumbi la mvule linawasha koo. Nafuta na kitambaa chenye unyevu, ikikauka napaka koti ya kwanza ya vanishi, nyembamba.

Saa 9
Mawingu yanajaa upande wa Nandi. Nimetoa pazia mbio, nimepiga pasi kali.

Saa 10 jioni
Migosi. Reli ya pazia nimeifunga juu karibu na silingi, sio pale dirisha linapoanzia, na kachumba kale kakaonekana karefu. Balbu nyeupe nimetoa nimeweka ya manjano ndani ya kile kivuli cha gugumaji.

Sasa leso. Alikuwa na leso ya marehemu nyanya yake, akaniambia nikitaka nikate nishone foronya za mito. Nimekataa. Leso ina pindo pande zote, ina mji (ule mchoro wa katikati) na jina (yale maandishi) chini yake, ukikata hapo umebaki na vitambaa tu. Nimeshona mfereji upande wa juu kwa mkono, nikapitisha fimbo nyembamba, nikaitundika nzima ukutani juu ya kitanda, jina likisomeka vizuri kutoka mlangoni. Foronya tutatoa kwa shuka za mitumba, hizo hazina mwenyewe wa kukumbukwa.

Saa 1 usiku
Ameniuliza, "Na sofa tunanunua lini dada?" Nimemwambia akae na nyumba hivi kwanza, ajue anapenda kukaa upande gani, ndio tutafute. Balansi amelipa. Stuli bado iko kwangu, kesho napaka koti ya pili, namletea ikikauka kabisa, na hata hapo asiwekelee kikombe cha moto siku za kwanza.