Kenchi zote tuliziunda chini: nilivyopaua paa la pande nne

Dodoma kuna upepo, na kiwanja changu kiko mahali pa wazi. Ndiyo maana nilikataa paa la pande mbili, lenye kuta za pembetatu zinazopokea upepo wote kifuani, nikachagua la pande nne. Tabu ya pande nne ni kona. Wengi huzijengea huko huko juu, kila ubao ukipimwa na kukatwa peke yake, na mbao zinaisha kwa viraka. Mimi nilitaka kila kenchi, yaani fremu ya mbao inayobeba paa, iundwe chini juu ya jamvi (sakafu ya zege), ipande ikiwa kamili.

Fundi hakupinga, ila aliuliza: "Bosi, na zile za kona? Zile hazifanani."

Swali lake ndilo kazi yenyewe. Nyumba ni mita 12 kwa 8. Kimo cha paa niliweka mita 2, hivyo kila ukiingia ndani mita moja, paa linapanda nusu mita. Mgongo wa juu unabaki na mita 4 tu, na hapo ndipo zinapokaa kenchi kamili, tano, zikiachana mita moja moja. Zinazofuata kuelekea kuta za mwisho zinakatwa vichwa. Iliyo mita 3 kutoka ukutani ina kimo cha mita 1.5 na juu ni bapa ya mita 2. Iliyo mita 2 kutoka ukutani ina kimo cha mita 1 na bapa ya mita 4. Hii ya mwisho tuliifanya pacha, mbili zilizopigiliwa pamoja, kwa kuwa inaelemewa na mbao zote zinazoshuka hadi ukuta wa mwisho.

Kabla ya kukata chochote tulipima mishazari, kona hadi kona, juu ya lenta (mkanda wa zege juu ya kuta). Kwa vipimo hivyo kila mshazari uwe mita 14.42, ikipishana, kona hazitafanana. Yetu ilipishana kidogo, tukasawazisha kwa kusogeza mbao za kulalia kenchi.

Kisha tukachora kenchi kamili kwenye jamvi kwa ukubwa wake halisi, na ndani ya mchoro huo huo tukapiga mistari miwili ya bapa. Mchoro mmoja ukatoa kenchi za aina tatu. Hapa pana jambo ambalo ningemsisitizia yeyote: bapa zile tulizishusha karibu sentimita 11 chini ya hesabu, kwa sababu mbao za inchi 2 kwa 4 zinazopanda kutoka ukuta wa mwisho zinapita juu yake. Usiposhusha, paa linavimba upande huo, na hakuna bati litakaloficha. Viungo tulivibana kwa plaiwudi pande zote mbili, ncha za misumari tukazikunja.

Mbao za kona nne nilizipenda kwa hesabu yake. Mita 4 kwa 4 chini, mita 2 juu, urefu unakuja mita 6 kamili. Pamoja na sentimita 40 za paa kutokeza nje ya ukuta, ni mita 6.6. Mbao zetu, zilizotiwa dawa, zilitoka Mafinga zikiwa za futi 12, kwa hiyo kuunga hakukwepeki. Kiungo kikaangukia juu ya kona ya kenchi pacha, mita 3.6 kutoka ncha ya chini, na futi 12 zinafika hapo zikibakiza sentimita chache. Kiungo kinachoning'inia hewani nisingekikubali.

Kupandisha kulikuwa kwepesi. Tulianza na kenchi kamili za ncha mbili za mgongo, tukazipiga timazi, tukazishikiza kwa mbao za mshazari, tukavuta kamba juu, nyingine zikafuata kamba. Kila kenchi ilifungwa kwa nondo ya milimita 6 iliyolazwa ndani ya lenta tangu siku ya zege. Kwa hiyo nafasi za kenchi lazima uzijue kabla ya kumwaga lenta. Baadaye utabaki kutoboa zege.

Kwenye mabati, andaa fedha ya kofia, zile bati za kufunika mgongo na kona. Pande mbili zingetaka mita 12.8, pande nne zimekula mita 30.4, bado hujahesabu mapishano. Vipande vya bati vilivyokatwa mshazari usivitupe, vingi vinaweza kutumika mahali pengine kwenye kona.