Siku moja maishani mwangu: kupiga dari ya bodi za jipsam chumba cha chini

Saa 1 asubuhi. Mbeya, Julai, baridi kali. Nyumba imekaa kwenye mteremko chini ya mlima Loleza. Chumba cha chini kina mita 4.8 kwa 3.6, juu ni zege tupu, na mabomba ya bafu la ghorofani yananing'inia. Tunafungua maji yote, tunavuta choo mara tatu, kisha tunapitisha tishu kavu kwenye kila maungio ya bomba. Ikipata hata doa, fundi bomba kwanza. Koki inaachiwa kidirisha darini, sentimita 40 kwa 40, ili ifikike.

Saa 2. Mpira wa maji wa kupimia usawa, na uzi. Bomba la maji machafu linateremka, kwa hiyo kimo cha dari kinapimwa pale lilipo chini kabisa. Ukipima mwanzoni mwake, mwisho wake utagonga bodi.

Saa 3. Blandaring, yaani fremu ya mbao ya kufungia bodi: mbao za inchi mbili kwa mbili, mistari 13, kila sentimita 40. Ya futi 12 inavuka chumba bila kuungwa. Wengi huweka sentimita 60 kuokoa mbao, halafu bodi inabonyea katikati. Mbao za Mafinga zikifungwa mbichi husinyaa humo humo juu. Vichwa vya skrubu vinachomoza, maungio yanapasuka. Hizi zimeanikwa kivulini wiki kadhaa.

Saa 6. Bodi 6 za milimita 12, ya 7 akiba. Safu ya katikati inaanza na nusu bodi ili ncha zisikutane mstari mmoja. Wawili wanainua, wa tatu anakaza mkongojo wa T, mti wa kuishikilia bodi juu. Skrubu za milimita 35, kila sentimita 20, kama 50 kwa bodi. Kichwa kizame kidogo, karatasi ibonyee bila kuchanika. Ukiona unga mweupe umemwagika kukizunguka, skrubu hiyo haishiki kitu. Piga nyingine sentimita 5 pembeni.

Saa 10. Fiba tepu, utepe wa nyuzi, juu ya maungio ya bodi, kisha unga wa jipsam: maji kwanza kwenye ndoo, unga baadaye, kiasi cha kutumika ndani ya dakika 20 tu. Ukianza kukaza, usiongeze maji; utapukutika.

Saa 12 jioni. Madirisha wazi. Jiko la mkaa lisiingie kukaushia: hewa yake huua kwenye chumba kama hiki, na uso wa unga hukauka kabla ya ndani. Kesho ni kiganja kwenye maungio. Pakiwa baridi kuliko bodi, bado pabichi; mkono wa pili wa unga unasubiri.