Giaboksi ndiyo iliyonichagulia injini ya MGB

Ukifungua boneti ya MGB, gari dogo la michezo la zamani la Kiingereza, hapa Mombasa ukitaka kuibadilisha injini, fundi wa kwanza atakayepita atakwambia: "Tia ya Probox, umalize." Ushauri huo una msingi. Injini ya Probox, 1NZ-FE ya sisi (cc) 1497, imejaa kuanzia Changamwe hadi Kisauni, vipuri vyake ni rahisi kupata, na karibu kila gereji inaijua. Lakini ndani ya Probox injini hiyo imekaa kukingama, yaani upande hadi upande, na giaboksi yake inapeleka nguvu magurudumu ya mbele. MGB husukumwa na magurudumu ya nyuma kwa propela. Ukiigeuza injini itazame mbele, itabidi uchonge sahani ya kuiunganisha na giaboksi nyingine, pamoja na flaiwili na klachi za kulingana. Sahani ikipotoka kitovu zaidi ya kama milimita 0.13, beringi ya shafti inayoingia giaboksi italia mapema, na klachi itang'ang'ania. Kazi hiyo inataka mashine nzuri ya kerezo na subira nyingi. Mimi niliiacha.

Kwa hiyo nilianza kwa kuuliza: ni magari gani madogo, yaliyo mengi hapa, yenye injini iliyokaa kwa urefu na giaboksi ya kusukuma nyuma? Orodha ni fupi. 4A-GE ya sisi 1587 iliyokuwa kwenye Toyota AE86 ni tamu, ila AE86 ilikoma kutengenezwa 1987, na zilizobaki zimechoka au zina bei ya vito. 3S-GE ya Altezza ni sisi 1998 na ile ya gia za mkono ina zaidi ya farasi 200. Ukiitia hiyo, breki na springi za MGB nazo zinakudai. 5K ya LiteAce za zamani inakubali kirahisi, ila ni ya kabureta na haikuongezei kitu cha maana. Iliyobaki ni 3SZ-VE ya Toyota Rush: sisi 1495, cheni badala ya mkanda wa taimingi, farasi kama 109. B-series, injini ya asili ya MGB, pamoja na sisi zake 1798, ilitoka kiwandani na farasi kama 95.

Ukitafuta Rush ya kuvunjwa, soma kodi ya modeli kabla ya bei. J200E inasukuma nyuma tu. J210E ni ya magurudumu manne, na giaboksi yake ina kisanduku cha ziada kisichoingia kwenye handaki la MGB. Itake ya gia za mkono. Kompyuta ya injini ya gari la otomatiki hukaa ikiitafuta giaboksi yake, na taa ya injini haizimi. Nunua vitu vyote pamoja: injini, giaboksi, alteneta, stata, kompyuta, waya zote bila kukatwa, swichi ya ufunguo pamoja na ufunguo wenyewe, na pedali ya mafuta ikiwa inatumia umeme. Muuzaji akikwambia waya utapata baadaye, ondoka.

Kabla ya kulipa, pima kompresheni ya silinda zote nne. Tofauti kati ya ya juu na ya chini isizidi ba 1 (ba ni kipimo cha presha). Fungua kifuniko cha oili: ukiona tope jeusi, cheni na vali ya VVT-i, mfumo wa kubadilisha taimingi ya vali, zimeshaumia. Na hapo hapo, kabla hujashika mashine ya kuchomelea, pata risiti na karatasi za forodha za injini. NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, watazitaka siku ya kubadilisha namba ya injini kwenye logbook na kupeleka gari ukaguzi.

Sasa nafasi. B-series imeweka kabureta na ekzosti upande mmoja, kushoto, na usukani wetu uko kulia. Injini za kisasa zinavuta hewa upande mmoja na kutoa moshi upande wa pili, kwa hivyo lazima kitu kimoja kielekee kwenye shafti ya usukani. Ikiwa ni ekzosti, tengeneza manifodi yako na ukinge joto lisifikie silinda kuu za breki na klachi. Pima kwa bloku tupu ikiwa imefungwa giaboksi, ukiwa umevua hedi, alteneta na manifodi, halafu rudisha kimoja kimoja. Acha milimita 15 kila upande, kwa sababu injini hucheza kwenye mauntingi. Sampu, bakuli la oili chini ya injini, ndiyo inayosumbua zaidi: ikigusa boriti ya mbele, usikate boriti. Kata sampu, isogeze, na uhakikishe chujio la pampu ya oili bado limezama.

Pembe za propela hupuuzwa sana. Shafti inayotoka giaboksi na pinioni ya difu ziwe sambamba, tofauti isizidi digrii 1, na kila kiungo kipinde digrii 1 hadi 3. Ukikosea, gari litatetema kwenye kilomita 80 na utailaumu injini bure.

Difu niliiacha ya asili, uwiano wa 3.909. Tairi za 165/80R14 zina mzunguko wa takriban mita 1.95. Kwa kilomita 100 kwa saa, gia ya uwiano wa 1 inaizungusha injini mara 3,350 kwa dakika. Gia ya tano ikiwa na uwiano wa 0.85, inashuka hadi 2,850. Fanya hesabu hii kwa giaboksi yako kabla ya kufikiria kubadilisha difu.

Umeme ulitaka muda zaidi kuliko chuma. MGB za kabla ya mwisho wa 1967 zimefunga chanya kwenye bodi. Kompyuta ya Toyota inataka hasi, na ukiiunganisha kinyume inaungua papo hapo. Geuza kwanza, toa betri mbili za volti 6 na uweke moja ya volti 12. Mita ya mizunguko ya zamani husoma mkondo wa koili moja ambayo sasa haipo, kwa hivyo ndani yake inahitaji saketi mpya. Kila waya wa hasi ufungwe kwenye chuma kilichosuguliwa hadi king'ae, kisha upakwe grisi. Hewa yetu ina chumvi, na hitilafu nyingi za sensa huanzia hapo.

Petroli: kabureta za SU ziliridhika na chini ya ba 0.3. Sindano za Rush zinataka kama ba 3.2. Tangi la asili halina vizuizi ndani, hivyo kwenye kona, tangi likiwa robo, pampu itavuta hewa. Nilitia kikopo cha lita 2 katikati: pampu ndogo inakijaza, pampu ya presha inavuta kutoka humo, na ziada inarudi tanki. Mipira iwe ya injini za sindano. Ya kabureta hupasuka.

Kupoza ndiko kunakoamua kama gari litakaa Mombasa. Kifuniko cha rejeta kikiwa chini ya hedi, hewa hunaswa, kwa hivyo weka tangi dogo la juu. Hita hapa haina kazi na wengi huiondoa, lakini usizibe mabomba yake. Yaunganishe, maana injini nyingi hutegemea maji hayo yazunguke kabla thamostati haijafunguka. Tumia kulanti, wala usijaze maji ya kisima: yana chumvi na yanakula hedi ya alumini. Feni ya umeme iwe na kava linalofunika rejeta nzima, rilei ya ampia 40, na iwake kwenye nyuzi 95. Kisha lipeleke foleni ya feri ya Likoni adhuhuri ya Februari, taa zikiwaka, injini ikinguruma dakika 20 bila kusogea. Mshale ukipanda na kushuka kufuata feni, endelea na bodi. Ukipanda tu, rudi utafute hewa iliyonaswa kabla ya kununua rejeta kubwa.